Mashine Hutia Moto, Fundi Ndiye Aungaye



Mwezi uliopita ndugu mmoja aliingia ofisini mwetu na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa karatasi yake ya malipo, nayo ilionyesha ya kuwa amekatwa fedha kwa ajili ya viungo sita vya faiba. Ya pili ilikuwa karatasi ya kipimo, ile itolewayo na mashine ya OTDR, nayo ilionyesha ya kuwa viungo hivyo sita vimepoteza nuru kupita kiasi. Kiasi kilichoandikwa katika kazi yake kilikuwa desibeli 0.1 kwa kila kiungo. Kiungo kibaya kuliko vyote kilisoma 0.24. Kontrakta wake, ambaye hatumtaji kwa sababu mashauri hayajakwisha, alimwambia maneno machache tu: "Umeharibu, utalipa."

Sisi tulimwuliza swali moja. Je, kipimo hiki kilichukuliwa kutoka upande gani wa kebo? Akajibu, upande mmoja tu, kwa sababu gari lilikuwa lina haraka ya kurudi mjini. Tukamwambia aende akaombe kipimo cha upande wa pili. Ilimchukua siku kumi na moja na barua mbili. Kipimo kilipopatikana, kiungo kile kilichosoma hasara ya 0.24 kilisoma upande wa pili kana kwamba nuru imeongezeka kwa 0.16.

Mtu asiyejua kazi atacheka na kusema mashine imelewa. Lakini mafundi wa faiba wanalijua jambo hili. OTDR haikai upande wa mwisho kungojea nuru ifike. Hupeleka nuru ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake ukirudi. Uzi wa kiwanda kimoja hurudisha mwangwi mwingi, uzi wa kiwanda kingine hurudisha kidogo. Basi ukiunga nyuzi mbili zisizofanana, ukitazama upande huu utaona hasara kubwa, na ukitazama upande ule utaona faida ya uongo. Ukweli hupatikana kwa kutazama pande zote mbili, kujumlisha na kugawanya kwa mbili. Chukua 0.24, toa 0.16, inabaki 0.08. Gawanya kwa mbili, unapata 0.04. Hicho ni kiungo kizuri, na ndugu yetu alikuwa amekatwa mshahara kwa ajili yake.

Fedha za viungo vitano zimeahidiwa kurudishwa. Kiungo cha sita kilikuwa kibovu kweli pande zote mbili, na ndugu yetu alikubali bila ubishi, akafungua sanduku, akaunga upya. Hivyo ndivyo inavyopasa. Hatuandiki habari hii ili kuwatetea watu wa kazi mbovu. Tunaandika kwa sababu tunataka kujua ni watu wangapi wengine waliokatwa kwa kipimo cha upande mmoja, wakanyamaza, kwa kuwa aliyewakata alikuwa na karatasi yenye tarakimu na wao walikuwa na mikono mitupu.

Wanachama wasiofanya kazi ya kebo watuvumilie kidogo, maana shauri hili haliwezi kueleweka bila kuijua kazi yenyewe.

Faiba ni uzi wa kioo. Unene wake ni mikroni 125. Ukilaza nyuzi nane bega kwa bega, zote pamoja zinatimiza milimita moja. Lakini nuru haipiti katika unene huo wote. Katika nyuzi zinazotumika njiani na majumbani, nuru hupita katikati kabisa, katika njia yenye upana wa mikroni 9 hivi. Kuunga faiba ni kuleta njia mbili za namna hiyo zikabiliane, jicho kwa jicho, bila kupishana, bila vumbi, bila nafasi katikati, na kuzifanya zikae hivyo miaka mingi ndani ya shimo la barabarani lenye maji.

Mwaka 1966 mabwana wawili huko Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham, waliandika ya kuwa kioo kinaweza kubeba mazungumzo ya simu kikisafishwa hata kisipoteze zaidi ya desibeli 20 kwa kilomita. Kampuni ya Corning ya Marekani ilifikia kipimo hicho mwaka 1970. Siku hizi uzi wa kawaida hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita, kwa nuru ya nanomita 1550. Maana yake, hasara iliyokuwa ya kilomita moja wakati ule sasa ni hasara ya kilomita mia. Mwaka 2009 Bwana Kao alipewa Tuzo ya Nobel, na mwaka ule ule nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kutoka baharini. Alistahili. Nani aliyepewa hata cheti kwa kuziunga zile zilizotoka Mombasa kwenda bara, hatujasikia.

Lakini tazameni jambo lililomo katika hesabu hiyo. Kioo kimekuwa kizuri mno hata mahali pa kupotezea nuru pamebaki hasa pale palipoguswa na mkono wa mtu: kwenye viungo, kwenye vichwa na kwenye mikunjo. Kiungo kimoja kibaya cha desibeli 0.3 hula nuru sawasawa na kilomita moja na nusu ya kebo. Kampuni hulipa fedha nyingi kwa kioo na kwa kuchimba mtaro, halafu ikifika kwenye kiungo inatafuta kijana wa bei rahisi kuliko wote.

Ziko njia mbili za kuunga uzi kwa uzi. Ya kwanza ni ya moto. Fundi hufungua ganda la kebo bila kuugusa uzi. Hupangusa ile grisi ya ndani inayonata kama gundi, uzi kwa uzi, mpaka mikono ikachoka. Huvisha slivu ya plastiki yenye kijiti cha chuma kabla ya jambo lingine lolote, maana ukiisahau hapo utaikumbuka baada ya kuunga, na dawa yake ni kukata na kuanza tena. (Hakuna fundi ambaye hajasahau. Anayesema hajasahau hajaunga vya kutosha.) Kisha humenya rangi, husafisha kwa spiriti safi, hukata kwa kliva. Hapo kwenye kliva ndipo kazi ilipo. Mkato ukiwa mraba, mshazari wake ukiwa chini ya digrii moja, kiungo kitakuwa kizuri. Mkato ukiwa na pembe au ukingo uliovunjika, hakuna mashine duniani itakayouponya. Baada ya hayo nyuzi mbili hulazwa katika mashine, zinasogezwa, cheche ya umeme inaruka, kioo kinayeyuka na kushikana. Kikishikana vizuri, hasara ni desibeli 0.02 mpaka 0.05.

Njia ya pili ni ya kubana. Nyuzi mbili zilizokatwa huingizwa katika kibanio kidogo chenye mafuta maalum katikati, nazo hukutana humo bila kuyeyushwa. Hasara yake kwa kawaida ni kubwa zaidi, 0.1 mpaka 0.3, na sehemu ya nuru hurudi nyuma. Ina faida yake: haihitaji mashine ya bei kubwa, na usiku wa hatari, kebo ikikatwa na tingatinga, inaweza kurudisha mawasiliano kwa muda mpaka kiungo cha moto kifanyike kesho yake.

Kwenye mwisho wa uzi, yaani kwenye kichwa, mambo ni yale yale. Hapo zamani fundi alitia gundi ndani ya konekta, akaingiza uzi, akangoja, akausugua kwa karatasi laini mpaka ukang'aa, akautazama kwa darubini. Siku hizi njia iliyo bora ni kuunga kwa moto mkia uliokwisha tengenezwa kiwandani. Na iko ile konekta ya haraka, ya kubana, ambayo fundi huifunga mlangoni mwa mteja kwa dakika chache.

Sisi hatuilaumu konekta ya haraka. Ikifungwa na mtu mwenye kliva nzuri na mikono safi, inafanya kazi. Tunalaumu sababu ya kuitumia. Makontrakta wengi hawainunui kwa kuwa inafaa mahali fulani. Wanainunua kwa kuwa inawawezesha kumtoa kijana barabarani asubuhi, kumpa mfuko wa konekta ishirini na kikatio cha bei ndogo kisicho na makali, na kumwita fundi ifikapo saa nne. Konekta mbovu ikikataa wiki ya tatu, anayepelekwa tena bila malipo ni kijana yule yule.

Na hesabu ya kuharibika si ya siri. Katika mtandao wa nyumbani wa namna inayotumika sana, nuru kutoka kituoni mpaka kwa mteja ina ruhusa ya kupoteza desibeli 28. Splita inayogawa uzi mmoja kwa nyumba 32 hula kama 17 peke yake. Kebo ya kilomita kumi hula 3.5. Konekta sita, kila moja 0.5, zinakula 3. Tumefika 23.5 na bado hatujahesabu viungo. Viungo kumi vya moto, kila kimoja 0.05, vitaongeza nusu desibeli tu, jumla 24, na akiba ya 4 inabaki kwa ajili ya uzee na matengenezo. Viungo kumi vya 0.3 vitaongeza 3, jumla 26.5. Akiba ni 1.5. Siku ya kwanza taa inawaka kijani, mteja anatia sahihi, kontrakta analipwa. Kisha mtoto anakunja waya nyuma ya kabati, au maji yanaingia katika sanduku la viungo, na nyumba inazimika. Wazee waliounga nyaya za shaba walikuwa na bahati moja: kiungo kibovu cha simu kilipiga kelele, mtu aliisikia sikioni. Kiungo kibovu cha faiba kinakaa kimya miezi kadhaa, na kinaposema, aliyekilipia nusu bei amekwisha ondoka.

Sasa tuje kwenye malipo, maana ndipo panapouma.

Desturi iliyoenea ni kumlipa fundi kwa kiungo. Mwenye kazi anasimama, anatazama mashine, anaona cheche imeruka na kiungo kimekwisha kwa muda wa sekunde kumi hivi, na tanuri dogo limekaza slivu kwa nusu dakika. Anafanya hesabu kichwani. Kwa saa moja mtu huyu ataunga viungo vingapi? Basi bei ya kiungo iwe hii. Hesabu hiyo ni ya uongo, kwa kuwa inahesabu kazi ya mashine na kuacha kazi ya mtu. Nani analipa saa ya kutoa maji katika shimo? Nani analipa saa mbili za kufungua kebo ya nyuzi 48, kusafisha grisi, kuzipanga kwa rangi, bluu, orenji, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, na kuendelea mpaka kumi na mbili, halafu kuanza tena kwa bomba la pili? Nani analipa kazi ya kuzilaza katika trei kwa duara pana bila kuzikunja, na kufunga sanduku lisiingie maji? Yote hayo yamefanywa kuwa sadaka. Na mvua ikinyesha saa sita, kiungo hakijafanyika, mtu anarudi nyumbani bila senti.

Tena malipo ya kiungo yanafundisha tabia mbaya. Yanamwambia fundi: usifute mara ya pili, usikate upya, usigeuze wembe wa kliva ijapokuwa umekwisha, maana kila dakika ya uangalifu inatoka mfukoni mwako. Mashine nayo inaonyesha tarakimu kwenye kioo chake, 0.01, 0.02, na kila mtu anafurahi. Tarakimu hiyo ni kadirio. Mashine imetazama picha ya kiungo na kukisia; haikupima nuru. Kiungo kinachoonekana kizuri katika picha chaweza kuwa kibaya, na ndiyo sababu ya kuwa na OTDR. Wasimamizi wanaojua hivyo ni wachache kuliko inavyopasa, na wengine wanajua lakini wanapendelea kadirio siku ya kudai fedha kwa mteja, na kipimo cha upande mmoja siku ya kumkata fundi.

Juu ya kukata, sheria haikunyamaza. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Kosa la kusudi. Kiungo cha 0.12 katika shimo lenye tope saa mbili usiku si kusudi. Wembe wa kliva ambao mwajiri hakuubadili tangu mwaka jana si kusudi la fundi hata kidogo.

Na kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku za kazi zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au akifanya kazi ambayo haiwezi kutazamiwa kwisha chini ya miezi mitatu, basi mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, na haachishwi ila kwa notisi ya siku 28. Tunao ndugu waliounga kebo ya njia moja kwa miezi minane wakiitwa vibarua. Wengine wamebadilishwa jina, wakaambiwa kuwa wao ni "makontrakta wadogo". Kontrakta gani huyo ambaye hana mashine, hana gari, hapangi bei wala saa, na anaomba ruhusa kwenda kumzika mama yake?

Katika kazi nyingine zana ni mali ya fundi, na seremala huja na randa yake. Lakini mashine nzuri ya kuunga kwa moto bei yake si ya mshahara wa mtu wa kulipwa kwa kiungo. Makontrakta wengine wanaikodisha kwa fundi na kukata kodi katika malipo. Basi mtu analipa ili aruhusiwe kufanya kazi. Hilo tunalikataa moja kwa moja. Mashine, kliva, wembe wake, spiriti, vitambaa na slivu ni juu ya mwajiri.

Kuna na hatari ya mwili, ambayo watu wa nje hawaifikirii kwa kuwa kazi hii haina kelele wala moshi. Kila mkato unaacha kipande cha kioo chembamba mno. Kikiingia kidoleni hakionekani, na kinavunjika unapojaribu kukitoa. Kikiingia jichoni ni balaa. Kikianguka katika chai kinamezwa. Dada mmoja wa tawi letu alikaa na kipande katika kidole cha shahada wiki tatu, akiambiwa kila siku kuwa ni mwiba. Dawa ya hatari hii si ghali: kitambaa cheusi mezani ili vipande vionekane, chupa yenye kifuniko ya kuvitia, miwani, na sheria ya kutokula wala kunywa mahali pa kuunga. Tena kuna nuru yenyewe. Nuru hii haionekani kwa macho, kwa hiyo mtu anatazama ncha ya uzi akidhani imezimwa, na jicho halimpi habari. Spiriti inawaka. Na mashine ya cheche haifai kabisa kuwashwa ndani ya shimo kabla hewa haijapimwa, maana gesi hukaa mashimoni na cheche haiulizi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Hatujasikia mahali sheria hiyo iliposema ila watu wa faiba.

Sasa ndugu, tuseme na sisi kwa sisi, maana mwajiri akisoma karatasi hii asidhani hatuna macho nyumbani. Wako kati yetu wanaoona kiungo kibovu, wanakipiga cheche mara ya pili na ya tatu ili tarakimu ishuke, halafu wanakifunika. Wako wanaochomeka konekta ya kijani katika ya bluu kwa sababu inaingia, na wanajua vizuri ya kuwa kichwa cha kijani kimekatwa mshazari wa digrii 8 na cha bluu hakikukatwa hivyo, na ya kuwa vikibanwa pamoja nuru inapotea na vichwa vyaweza kuharibika. Wako wanaoacha vipande vya kioo juu ya zulia la mteja mwenye mtoto atambaaye. Wako wanaokata uzi wa kampuni nyingine katika nguzo moja ili wapate nafasi ya kupita, na kesho yake fundi mwenzao, mfanya kazi kama wao, anatolewa kitandani saa tisa za usiku. Chama hakiwezi kuketi mezani na kudai mshahara wa ufundi huku watu wake wanafanya mambo hayo. Tukiwapata tutawaita, na tutakuwa wakali.

Lakini tukisema ufundi, tunamaanisha ufundi. Umeme, useremala na uashi vina mtihani, na mtu mwenye Gredi ya I halipwi kama mwenye Gredi ya III. Muungaji wa faiba naye apimwe vivyo hivyo, kwa mkono na si kwa karatasi: apewe kebo, kliva na sanduku, aunge, apimwe kutoka pande zote mbili. Akifaulu, awe na gredi, na mshahara wa mwezi ufuate gredi hiyo. Ndugu mmoja katika kamati alipinga. Alisema mtihani utawafungia mlango vijana waliojifunza kazi mashimoni bila shule. Tulijadiliana naye kwa muda mrefu, na hofu yake ina haki. Kwa hiyo tunaongeza sharti: mwenye kufanya kazi hii miaka miwili au zaidi apimwe kwa gharama ya mwajiri, na asiachishwe kazi kwa sababu ya kushindwa mara ya kwanza.

Mahali ambapo malipo ya kiungo hayawezi kuondolewa mara moja, tunataka yafuatane na mshahara wa siku kwa saa za kufungua, kusafisha, kupanga, kufunga na kungojea mvua. Tunataka pasiwe na makato yoyote bila kipimo cha pande mbili, fundi mwenyewe akiwapo, naye apewe nakala. Hayo ndiyo tutakayopeleka mezani katika mapatano ya mwaka huu.

Tutaulizwa ushahidi. Msimamizi ana mashine inayoandika kila kitu, sisi tuna kumbukumbu za kichwani, na kumbukumbu za kichwani hazishindi mezani. Kwa hiyo tunamwomba kila mwanachama wa kazi ya kebo anunue daftari dogo. Kwa siku 30, kuanzia siku atakayopata karatasi hii, aandike kila jioni: mahali, saa ya kufika, saa ya kuondoka, viungo vilivyofungwa, viungo vilivyokatwa na kurudiwa, saa alizofanya kazi isiyo ya kuunga, fedha alizopewa, fedha alizokatwa na sababu aliyoambiwa. Aandike pia ni lini wembe wa kliva uligeuzwa au kubadilishwa mara ya mwisho. Asiyependa kuandika amwombe mwenzake. Majina hayatatolewa kwa mtu yeyote. Madaftari yapelekwe kwa mwakilishi wa chama mahali pa kazi, au yaletwe ofisini Jumamosi yoyote kabla ya saa saba mchana, na wale waliokwisha katwa mwaka huu walete karatasi zao za kipimo hata kama zimechanika.